Ndizi Zikiwa Shimoni

Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio haina haraka na mtu. Hung'oa nanga, ikayapita majabali yaliyosimama majini mbele ya mji, kisha ikajiingiza katika weupe wa ziwa, na abiria wakabaki na saa tatu hivi ambazo hawana la kuzifanyia. Katika safari moja ya namna hiyo, mama mmoja wa makamo aliyeketi juu ya gunia lake alianza kumsimulia mwenzake ugomvi wa mpaka wa shamba la mihogo. Nilidhani ni habari ya dakika tano: nani kang'oa alama, nani kashtaki, nani kashinda. Haikuwa hivyo. Alianza na babu aliyepanda minyaa ya mpaka. Kutoka kwa babu akaenda kwa mke wa babu, aliyeolewa kutoka Ukara, na jinsi alivyovuka maji na mbuzi mmoja ambaye wakwe walimkataa kwa sababu ya rangi yake. Mbuzi akazaa, uzao wake ukala mihogo ya jirani, jirani akanuna mwaka mzima, na katika mwaka huo wa kununa ndipo mnyaa wa kwanza ulipokauka. Mwenzake hakusema mengi. "Enhe," alisema. "Ikawaje, dada?" Tulipofunga gati, kesi ilikuwa haijafika hata kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu walibeba mizigo yao wakaondoka, lakini wawili watatu waliokuwa karibu, wasio na nasaba wala ujirani naye, walisimama pale gatini na vikapu vyao ili wajue mnyaa ule ulikaushwa na nani.

Nimewafikiria sana watu wale waliosimama gatini. Mama yule hakuwafunga kwa hila. Hakuwaficha siri ili wamfuate, hakuwarushia tukio la kutisha kila walipotaka kupiga miayo. Aliwapa tu babu, bibi, mbuzi, mwaka wa kununa, mpaka ugomvi wa watu wasiowajua ukawa umewahusu kama ugomvi wa shangazi zao. Vijana wanaotaka kuandika riwaya huniuliza maswali yanayofanana: sura ziwe ngapi, tukio kubwa liwekwe wapi, siri ifichuliwe lini. Si maswali mabaya, na yana majibu yake. Lakini ni maswali ya mtu ambaye tayari ana mzigo na anatafuta namna ya kuufunga. Kabla ya hayo kuna somo jingine lisilo na jina zuri, nalo ni kukaa na watu wa kubuni muda mrefu kuliko unavyoona ni lazima, mpaka mambo yao yaanze kukuhusu. Nimekuja kuamini kwamba ufundi wote wa riwaya umesimama juu ya hilo, na kwamba asiyelipata hilo hatasaidiwa na mpangilio wowote wa sura.

Sisi ni watu tuliolelewa na hadithi za mdomo. Bibi husema "Paukwa!", wajukuu hujibu "Pakawa!", na hadithi haiondoki mahali mpaka jibu lipatikane. Mtambaji ana macho ya watoto mbele yake. Akiona mmoja anasinzia, humleta zimwi mapema. Akiona hofu imezidi, hutia wimbo na kuwaacha wapige makofi kidogo ili moyo urudi mahali pake. Hadithi ya mdomo ni kazi ya watu wawili hata kama anayesema ni mmoja. Mwandishi wa riwaya amenyang'anywa nusu hiyo. Anasema "Paukwa" usiku, mezani, nyumba imelala, na jibu litakuja baada ya miaka mitatu au kumi, kutoka kwa mtu wa Kigoma au Lamu ambaye hatamwona kamwe, au halitakuja. Hapo ndipo wengi huvunjika. Wengine huanza kupiga kelele kwenye karatasi, kila ukurasa na kifo chake na usaliti wake, kwa sababu ukimya wa chumba unawatisha na wanadhani msomaji ameshaondoka. Wengine huhutubia, wakimweleza msomaji maana ya kila jambo, kama mwalimu aliyezoea darasa lisilojibu. Dawa ya magonjwa haya mawili ni moja: kujifunza kuisikia "Pakawa" isiyotamkwa. Kuhisi hapa msomaji angesema "ikawaje," hapa angeuliza "nani tena huyu?", na hapa, tafadhali, angeomba aachwe peke yake na mama aliyefiwa. Sikio hilo halipatikani kwa kuandika peke yake. Lilikuwa sikio la msikilizaji kabla halijawa la mwandishi. Kama ningepewa shule ya watunzi, mwaka wa kwanza ungekuwa wa kusikiliza tu: misibani, mabarazani, kwenye daladala, mahakama za mwanzo, penye foleni ya zahanati, kila mahali ambapo watu hulazimika kuelezana mambo yao kwa kirefu.

Meli ile ilikuwa inakwenda Ukerewe, na Ukerewe si kisiwa cha kupita kimya kwa mtu anayefikiria riwaya. Humo, mwaka 1945, mtu mmoja alimaliza kuandika kitabu ambacho hakikuwa na mfano wake mbele yake. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma kwa mapadri, akapelekwa Seminari ya Rubya ng'ambo ya magharibi ya ziwa, akajifunza Kilatini na mengine ya wasomi wa zama hizo, lakini upadri haukuwa njia yake. Akaoa, akafanya kazi za kalamu na za kutafsiri, na katika miaka ile ya vita kuu ya pili akawa anaandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ni watu wa zama za kabla ya ukoloni, wanapendana, na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke. Wazazi wa mke wanachoshwa na masimango hayo na kumrudisha binti yao nyumbani. Mume anabaki na nyumba isiyo na moto jikoni, na hapo inaanza kazi ndefu ya kwenda kuomba, kungoja, kutumwa, kurudi, na kuomba tena mpaka apewe mkewe. Baadaye sana, baada ya mganga na dawa na mashaka mengi, ndipo anapozaliwa Ntulanalwo, na baada yake dada yake Bulihwali. Kitereza mwenyewe na mkewe Anna walizika watoto wao. Hakuna aliyebaki kuwazika wao. Sitaki kusema kwa wepesi kwamba alijipa kitabuni alichonyimwa nyumbani, maana mambo ya moyo wa mtu hayapigiwi hesabu namna hiyo. Nasema tu kwamba nisomapo jinsi Myombekere anavyomtazama mkewe aliyerudi, najua nimeshikwa mkono na mtu asiyehitaji kuhadithiwa kungoja ni nini.

Na alingoja kweli. Alikuwepo padri Mkanada, Almas Simard, aliyemtia moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walioithamini kazi yake na kuihangaikia. Lakini kitabu cha Kikerewe, kinene kiasi kile, kingechapishwa na nani, kiuzwe wapi? Kitereza akaketi tena, mtu mzima sasa, mwili ukimuuma, akakigeuza kitabu chake chote kuwa cha Kiswahili kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 mwandishi alifariki, nakala za kitabu zikiwa hazijamfikia. Tangu alipoweka nukta ya mwisho hadi kilipochapishwa ni miaka 35. Katika miaka hiyo bendera ya Mwingereza ilishushwa, nchi mbili zikaungana, Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, watu wakahamishiwa vijijini, watoto waliozaliwa siku ile alipomaliza wakawa wazazi. Na karatasi zile zikawa zipo, zikingoja.

Mtu wa namna hii alifundishwa na nani? Swali hili limenisumbua zaidi ya lolote jingine kuhusu ufundi. Mwaka 1945 *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilikuwa bado, ingetoka mwaka 1951. *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela ilikuwa imetoka mwaka 1934, kitabu chembamba. Hakukuwa na semina, tuzo, wala mhariri wa kumwambia sura ya tatu imelegea. Alikuwa na Biblia na vitabu vya seminari, ambavyo vilimpa ujasiri kwamba neno lililoandikwa linaweza kubeba ukoo mzima tangu babu hadi kitukuu. Na alikuwa na wazee. Nadhani urefu wa kitabu chake ni urefu wa kusema kwao: mzee haruki jambo kwa sababu wewe una haraka, hakuambii "wakaenda" kabla hajakuambia waliaga vipi, walikula nini kabla ya kutoka, na ni nani aliyejikwaa kizingitini, maana kujikwaa kule kutakuja kusemwa tena. Nia ya Kitereza ilikuwa kuhifadhi mila na lugha ya watu wake zisipotee. Lakini wapo wengi waliokuwa na nia hiyo wakaandika orodha za mila. Yeye aliweka mila mikononi mwa mtu aliyenyang'anywa mke, na mara mila zikaanza kupumua.

Chukua pombe ya ndizi. Ili arudishiwe mkewe, Myombekere anadaiwa na wakwe pombe ya ndizi, na Kitereza haandiki kwamba alitengeneza pombe akaipeleka. Anatukalisha katika kazi yenyewe. Yeyote anayeijua pombe hiyo anajua kwamba haiwezi kuharakishwa hata kama mke wako yuko kwa wazazi wake na usiku ni mrefu. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa, huvundikwa shimoni, na shimo lazima lipate joto, lifunikwe, liachwe. Kisha ndizi zilizoiva hukamuliwa kwa nyasi, mtama hutiwa, na mchachuko nao una siku zake. Mhariri wa leo angepiga mstari mwekundu juu ya kurasa hizi na kuandika pembeni: punguza. Ningemwomba asubiri. Katika siku hizo za shimo tunajua ni jirani gani anakuja kusaidia bila kuitwa, nani ana maneno ya kejeli, nani anaazima chombo na nani anakumbuka ghafla kwamba chake kimetoboka. Tunamwona mume ambaye angeweza kuwa "mume mwenye huzuni" tu akigeuka kuwa mtu mwenye mikono, mwenye deni, mwenye aibu ya kuhitaji watu. Huzuni yake haitajwi sana. Imo katika kila jani analofunikia.

Riwaya nayo huvundikwa hivyo. Husemwa mvumilivu hula mbivu, na methali hii imetumika mpaka imekuwa kama kauli ya kumnyamazisha mtu anayelalamika. Lakini ndizi iliyo shimoni haiivi kwa sababu mtu amevumilia. Inaiva kwa sababu mtu amechimba, ametandika majani, amewasha moto kwa kipimo, na sasa anajizuia kufukua kabla ya wakati. Kuna kungoja kwa mvivu na kungoja kwa fundi. Mwandishi anayesema "nangoja wazo lije" huku hajui hata mama wa mhusika wake alizaliwa wapi, hajachimba shimo. Na yule anayefukua kila asubuhi, anayemwonyesha kila rafiki sura moja iliyoandikwa jana, anautoa moto nje. Hupata sifa kidogo, na ndizi hubaki na utomvu. Kwa maoni yangu mswada wa kwanza wa riwaya haupaswi kuonekana na mtu mpaka umefika mwisho wake, hata mwisho mbaya. Wapo watunzi wazuri wasiokubaliana nami katika hili, na ninawaheshimu.

Lazima niseme pia kwamba urefu peke yake si fadhila. Kuna kurasa za Kitereza ambapo mtunza mila anatembea mbele na mtunzi anafuata nyuma, ambapo tunaelezwa dawa au mtego kwa sababu dawa na mtego vipo, wala si kwa sababu Myombekere anavihitaji saa hiyo. Ninazisoma kurasa hizo kwa shukrani, ila mwanafunzi wa riwaya azisome akiwa macho. Maelezo yanapokuwa na mtu ndani yake, mtu anayetaka kitu na kuogopa kitu, hayachoshi hata yakiwa marefu kama mvua ya masika. Yakikosa mtu, sentensi mbili ni nyingi. Kipimo hiki ni rahisi kukisema na kigumu kukitumia, kwa kuwa mwandishi hupenda anachokijua, na kilichomgharimu miezi kukijua hukipenda zaidi.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Adam Shafi alipoandika *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, alilazimika kulala ndani ya nyumba hiyo kwa njia ya kalamu: uzito wa gunia begani, jua la gatini, mshahara usiofika mwisho wa wiki. Msomaji anaweza kusahau hoja za kisiasa za kitabu kile, lakini bega la Rashidi, mhusika wake mkuu, halisahau. Nadhani hapa ndipo kazi ya kumjua mhusika inapofika mahali pa kutisha kidogo. Kwa muda mrefu mhusika hufanya unachotaka. Unamwambia aseme, anasema, aoe, anaoa. Kisha siku moja, kama umekaa naye vya kutosha, unamwamuru asamehe na hasamehi. Unaandika neno la msamaha mdomoni mwake na unaliona linang'ang'ania nje ya meno kama punje ya mchanga. Mwandishi mchanga hudhani amekwama, akalazimisha, maana mpango wake ulisema sura ya tisa ni ya upatanisho. Mwandishi aliyeiva huiona siku hiyo kuwa ndiyo siku riwaya ilipoanza.

Si wote waliopita njia hii, na sipendi kuigeuza kuwa sheria. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na nchi alizozijenga hazikuwa na shamba la mihogo wala gati. Kusadikika ni nchi iliyoelea angani, na Karama anasimama kizimbani humo akitetea haki ya kusema, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Huko hatuulizi mtu amekula nini asubuhi. Kinachotubeba ni sauti, ule mwendo wa sentensi uliopimwa kama wa mtu aliyevaa kanzu safi na anayejua kwamba anatazamwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja naye alishinda shindano la uandishi kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, na alichotufundisha ni jambo jingine kabisa: jinsi ya kumpa msomaji kipande kimoja cha ukweli na kukitia mfukoni kingine, huku mpelelezi wake, Bwana Msa, akivuta kiko chake bila papara. Na palikuwa na hadithi za magazetini, zile zilizokatwa penye roho juu na kuandikwa "Itaendelea." Wako wasomi waliozidharau. Mimi naziona kuwa zililea wasomaji wengi kuliko maktaba zetu, na mtunzi aliyelazimika kumrudisha msomaji wiki hadi wiki kwa hela yake ya gazeti alijifunza kitu kuhusu ile "ikawaje" ambacho wengi wetu bado tunakitafuta.

Lakini narudi kwa mzee wa Ukerewe, kwa sababu kuna sehemu ya uanafunzi wake isiyotajwa sana, nayo ndiyo inayonigusa zaidi: ile tafsiri ya mwenyewe. Fikiria umekwisha kuandika kitabu kinene, kimelala miaka, na sasa unalazimika kukiandika chote tena, neno kwa neno, katika lugha nyingine. Hakuna namna kali zaidi ya kukisoma kitabu chako. Katika lugha ya mama, sentensi hupita kwa sababu sikio limeizoea. Ukiibeba kwenda lugha nyingine inakuonyesha mifupa yake. Utani wa shemeji na shemeji unaotosheka kwa Kikerewe kwa neno moja unahitaji nini ili mtu wa Tanga acheke? Mti ambao kila mtoto wa kisiwa anaujua, msomaji wa Mombasa ataujuaje? Kiswahili cha Kitereza kina harufu ya kisiwa chake. Hakijanyooshwa kikawa cha kila mahali, na watu wa pwani waliozoea mwendo mwingine huenda wakakwaruzika. Mimi nakiona kuwa ni utajiri wa lugha yetu kwamba imepanuka ikaweza kumpokea mgeni bila kumvua nguo zake. Nawashauri waandishi ambao lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, Kihaya, Kidawida au Kimakonde wasikimbie jambo hili. Andika mazungumzo ya sura moja katika lugha ambayo bibi yako angeielewa, kisha uyalete katika Kiswahili. Utashangaa ni maneno mangapi katika mswada wako yalikuwa hayasemwi na mtu yeyote.

Kisiwa hicho hicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, mwaka 1944, katika kijiji cha Namagondo. Wakati mswada wa Kitereza ukingoja, kijana huyu alitoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, na nchi nzima ikatikisika. Kwa muda kitabu kilizuiwa shuleni. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maadili, lakini nikikisoma sasa naona kilichotisha ni ukaribu. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na Kezilahabi hatukubalii kusimama mbali. Tumo ndani ya ua, tunajua harufu ya pombe ya baba, tunajua mama yuko wapi na kwa nini hawezi. Miaka iliyofuata alituletea Kazimoto wa *Kichwamaji*, mwaka 1974, na Tumaini wa *Dunia Uwanja wa Fujo*, mwaka 1975, watu wa kisiwani waliobeba elimu au pesa au mashaka na wasijue pa kuyatua. Kisha ikafika *Nagona*, mwaka 1990, na *Mzingile*, mwaka 1991: vitabu vyembamba mno, visivyo na wilaya wala kalenda, ambamo msomaji hutembea kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto ya mwingine.

Wanafunzi wa chuo huvipenda vitabu hivi viwili, na baadhi yao huja wakitaka kuanzia hapo. Wanasema mambo ya ndizi na salamu yamepitwa na wakati, kwamba Kezilahabi mwenyewe aliyaacha. Hoja yao ina nguvu, na sidhani kwamba inajibiwa kwa kumwambia mtu subiri ukue. Huenda yupo kijana leo, Bukavu au Lindi, ambaye ndoto ndiyo nyumba yake halisi na hana sababu ya kuanzia shambani. Ila nikizitazama kurasa za *Nagona* kwa makini naona kwamba uchache ule umejaa. Kila kilichotolewa kimeacha tundu la umbo lake. Mwandishi aliyekuwa amekwisha kutuandikia ua wa Zakaria, jembe, ugomvi, kitanda, kilevi na jeneza, alijua ni kitu gani hasa anakinyamazia. Kunyamazia kitu usichowahi kukijua hutoa kitabu kitupu, na msomaji, ambaye ana akili kuliko tunavyomdhania, hutambua tofauti katika ukurasa wa pili.

Na yupo wa tatu. Gabriel Ruhumbika, wa Ukerewe pia, alianza kwa riwaya ya Kiingereza mwaka 1969, *Village in Uhuru*, kisha akahamia Kiswahili. Mojawapo ya riwaya zake za Kiswahili ni *Janga Sugu la Wazawa*. Mwaka 2002 ikatoka kwa Mkuki na Nyota tafsiri yake ya Kiingereza ya kitabu cha Kitereza, kurasa mia kadhaa, salamu zote na pombe yote ikiwa mahali pake. Mtu mwenye riwaya zake mwenyewe za kuandika alitoa miaka ya maisha yake kubeba sentensi za mzee aliyemtangulia, moja moja, bila kuzipunguza. Siwezi kufikiria darasa la ufundi lililo kubwa kuliko hilo, wala heshima iliyo kubwa kuliko hiyo kati ya mtunzi na mtunzi. Kijana akiniuliza leo kati ya watatu hawa aanze na yupi, humpa Kitereza kwanza, hata kama ni kwa kuazima, na humwomba asiziruke kurasa za salamu.